Ngombe Itoke, Chupa Iingie

Usiniambie habari ya kibali. Kibali ninayo, iko pale kwa ukuta na mihuri yake mbili, na kila nikiitazama roho inaniuma.

Mimi Mukandori, mama wa maziwa hapa Nyamitaba. Nilianza kuponyesha walevi sababu ya ndugu yangu Straton. Alirudi kutoka migodi ya Walikale, mikono inatetemeka, akawa anakunywa kanyanga, ile pombe kali, hata mbele ya jua kutoka. Muke wake, Mukagasana, alibeba watoto akarudi kwao. Akaniambia: «Dada, nitakuja kumuona mara moja tu. Nikimukuta amekunywa, basi, asinitafute tena.»

Namna yangu ilikuwa moja. Mulevi akifika kwangu, ninamupa ngombe yake. Analala karibu na zizi, na kila asubuhi anaikamua. Ngombe zangu hazipendi harufu ya kanyanga. Ukizikaribia na ile harufu, na mikono isiyotulia, zinazuia maziwa, zinakupiga teke. Hivi kila asubuhi nilijua nani alikunywa, bila kumuuliza mutu. Aliyekunywa ninamufungia nyumbani siku tatu, anakunywa maziwa tu, anatutukana, anatulia. Siku yake ya kumaliza, muke wake anakuja baada ya misa, anamuangalia akikamua. Maziwa ikitoka, muke anaikunywa mbele yetu wote na wanarudi kwao. Wanaume kumi na moja walitoka hapa hivyo.

Ngombe ya Straton iliitwa Gaju. Miezi ine haikumupiga hata mara moja. Tukamutumia Mukagasana neno: kuja siku ya Mungu.

Na juma ile ile njo serikali ilikumbuka kwamba niko. Ilimutuma Bwana Nestor, ajenti wa usafi, soksi nyeupe mupaka magoti, makaratasi chini ya kwapa. Akasema kila nyumba inayolaza wagonjwa sharti ipate kibali. Wagonjwa wasipite sita. Mimi nilikuwa nao saba; akasema mumoja atoke mbele yeye kurudi kupiga muhuri. Ngombe zisikae karibu nao, zivushwe ngambo ya muto. Na kwa ukuta kuwe sanduku ya dawa, isiyofungwa na kufuli, ndani yake bandeji, kwinini, na chupa moja ya alkoli ya kusafisha vidonda.

«Alkoli?» nikamuuliza. «Bwana Ajenti, hawa ni walevi.»

«Mama, karatasi haisemi walevi. Inasema wagonjwa.»

«Kwa hiyo ngombe itoke, chupa iingie?»

«Njo vile. Na usihangaike kuitafuta, nimekuletea yangu.»

Alifikiri ananisaidia. Akaitundika sanduku yeye mwenyewe, tena karibu na kitanda ya Straton. Akasema kapita, musimamizi wa kijiji, atapita kila asubuhi ya kazi kuangalia, na kama kitu kinakosa, nyumba inafungwa. Najua unachotaka kusema: ungeificha ile chupa. Nilifikiri wanaume saba wakirudi barabarani siku moja. Nikajiambia, ni siku tano tu, avumilie.

Ngombe zikavuka muto. Jirani yangu Kanyamibwa akawa anazikamua kule, sababu asubuhi kapita aliwahesabu wanaume nyumbani. Wanaume wakabaki kuangalia ukuta, na mimi nikabaki kuwaangalia usoni, lakini uso wa mutu unaficha mambo mengi.

Siku ya Mungu Mukagasana alikuja na watoto, nguo safi, kibuyu ya kubebea maziwa mukononi. Tulivuka wote. Straton aliosha mikono, akachuchumaa kando ya Gaju, akaiita jina pole pole. Gaju ikamunusa, ikasogea. Akaifuata. Ikapiga teke, chombo ikaanguka ndani ya majani, haina hata tone.

Mukagasana hakulia wala hakumutukana. Alishika watoto mikono.

«Aksanti, dada, ulijaribu,» akaniambia. Alishuka na kibuyu yake tupu.

Nilikimbia nyumbani. Chupa ilikuwa imejaa. Nikaifungua, nikainusa: maji. Straton alikuwa amesimama nyuma yangu.

«Niliionja siku ya ine,» akasema. «Nilingojea asubuhi ngombe inikatae. Hakukuwa ngombe, dada.»

Alitoka siku ile ile kwa njia ya Walikale. Nilimushika shati, akajitoa.

Kesho yake Bwana Nestor alirudi. Akaangalia zizi: tupu. Akaangalia chupa: imejaa. Akahesabu wanaume: sita.

«Unaona, Mama? Haikuwa kazi nguvu. Na yule wa saba?»

«Alienda.»

 Akatoa kalamu, akaandika, akapiga mihuri yake mbili. Iko pale kwa ukuta, isome mwenyewe: wagonjwa sita, na mumoja amepona.