Mama wa Farasi

Mama mmoja fundi cherehani alimpa binti yake sharti: "Leo ukishindwa, sataranji basi. Utabaki dukani na mimi." Binti akakubali. Halafu mama huyohuyo, aliyeuita mchezo ule kazi ya wasio na kazi, akafunga duka akamfuata kwenye ukumbi wa mashindano. Eti akahakikishe mtoto anashindwa vizuri.

Alichojua kuhusu sataranji kilitosha kumpandisha presha tu: ukiliwa, hasara. Binti alikuwa na kete nyeusi, akicheza na kinyozi mmoja asiye na haraka. Mama hajakaa sawa, binti katoa askari aliwe. Kidogo tu, katoa wa pili. Mama akashika kichwa kama siku aliyokata suruali ya mteja ikatoka kaptula. Huyu mtoto anagawa! Na yeye aliyekuja kuona akishindwa, sasa alikuwa anaomba dua ashinde.

Kisha binti akapeleka farasi katikati, mbele ya malkia wa kinyozi, akamwacha pale bila mlinzi. Kinyozi akanyoosha mkono, akaurudisha. Alishaanza kuhisi mtego.

"Mwanangu, farasi huyo!" mama akapayuka.

Ukumbi mzima ukageuka. Mwamuzi akaja mbio. "Mama, nje! Ukitoa neno tena, namhesabia binti yako kashindwa."

Akatolewa kama kuku aliyeingia sebuleni, akabandika uso kwenye kioo cha dirisha. Kinyozi alikuwa anatabasamu: kumbe farasi kasahauliwa kweli! Malkia wake akamla. Nyuma mfalme wa kinyozi akabaki peke yake, malkia mweusi akateremka, na mfalme hakuwa na pa kukimbilia. Mchezo umekwisha.

Binti akatoka kanuna. "Umeniaibisha, mama. Watu wanasema umenisaidia."

"Nikusaidie mimi? Nilikuwa nakulilia!"

Kinyozi akawafuata nyuma, anacheka. "Nimemwambia mwamuzi sina malalamiko. Farasi nimemla kwa tamaa yangu. Ila mama, mdomo wako unatisha kuliko malkia wa mwanao."

"Haya, umeshinda," mama akamwambia binti. "Endelea kucheza."

"Nitaendelea. Ila kesho usije."

Mama akabisha kidogo, kulinda heshima, kisha akakubali.

Kwa hiyo kina mama, tukiwafikisha watoto mlangoni, tugeuze. Tukishindwa kugeuza, basi tufunge midomo. Huyu alishindwa vyote viwili.