Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Mwaka 1956 wakubwa wa Kibelgiji wa Goma walipatwa na aibu. Mgeni Mwingereza kutoka Uganda, huku akila samaki wao kando ya ziwa, alisema watoto wa upande wetu hawana hadithi. Badala ya kumwacha ashibe aende zake, wakaanzisha tuzo: atakayetafsiri vizuri zaidi hadithi ya watoto kwa Kiingereza atapewa pasi ya kuvuka mpaka wa Bunagana, akaisome shuleni Kisoro, upande wa Uganda. Mimi Zéphirin, tarishi wao, ndiye niliyebandika tangazo. Katika mji mzima aliyejitokeza ni mmoja tu, Florent Habarurema, fundi cherehani. Alishindana peke yake, na bado aliogopa kushindwa.

Nilimwelewa. Zamani alishona nguo huko Kisoro. Mkewe alifia huko, naye akamwacha binti yao Émérance kwa mama mdogo ili asome, akaja Goma kumzika baba yake. Tangu hapo, kila akiomba pasi ya kurudi anajibiwa kwamba kumkumbuka mtoto si sababu ya kiserikali. Mtoto alikuwa anakua bila yeye, na jambo hilo lilimkondesha.

Waamuzi walikuwa watatu: mwenyekiti wa ofisi, mwenye shamba la kahawa, na padri mzee. Hakuna aliyejua Kiingereza. Padri alijua Kilatini, wakaona si haba. Lakini watajuaje kama tafsiri ni nzuri? Wakaamua kumwita mwenye hadithi ambayo Florent aliitafsiri, aisimulie, wailinganishe na karatasi wasizoweza kuzisoma. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mwenye hadithi alikuwa mama Nyiramahirwe wa Munigi. Alifika saa nne asubuhi, akaketi, akakataa. Hadithi ikitolewa mchana, alisema, wazazi hupoteza njia ya kurudi nyumbani. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba wazazi wake walikufa zamani.

“Njo sababu,” akajibu. “Hata wafu wako na njia yao.”

Wangengoja jioni, ila sheria yao wenyewe ilikataza mtu mweusi kuonekana usiku mji wa Wazungu, ilipo ofisi. Basi usiku ukaletwa asubuhi. Nilifunga madirisha, nikatundika mablanketi, nikawasha taa. Mama Nyiramahirwe akauliza ni nani amethibitisha kwamba, ingawa kumekucha kwingine, hapa ni usiku. Mwenyekiti, ambaye kwake jambo lisiloandikwa halijatokea, akaandika amri kwamba ofisini ni usiku, akaigongea muhuri. Nikaibandika mlangoni, upande wa nje.

Hadithi ilikuwa tamu, sisemi uongo. Mwenye kahawa aliitikia wimbo wa fisi kwa sauti nzito. Florent akasoma yake ya Kiingereza, padri akafuta machozi yaliyoletwa na lugha asiyoijua. Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu kuandika jina la mshindi mlango ulipofunguliwa.

Alikuwa Kamate, polisi wa zamu, mtu mtiifu mpaka anachosha. Alikuwa ameisoma amri.

“Papa Florent,” akasema kwa upole, “wakubwa wameandika kama ni usiku. Usiku mutu mweusi hawezi kaa huku. Tuende.”

Nyuma yake jua lilikuwa linatuchoma macho. Mwenyekiti akaitazama sahihi yake, akashindwa kuikana. Mama Nyiramahirwe alisindikizwa Munigi. Mimi niliokolewa na sare yangu ya kazi. Florent akatangazwa mshindi na mfungwa kwa wakati mmoja, na mfungwa hapewi pasi. Nilimwona akikunja karatasi zake, nikawachukia wote, nikajichukia na mimi mwenyewe na mablanketi yangu.

Kesho yake hukumu ikatoka. Anayekutwa usiku mji wa Wazungu hurudishwa alikotoka, na vitambulisho vya Florent vilisema Kisoro. Serikali iliyomnyima pasi ikampakia kwenye lori lake hadi Bunagana, ikamvusha, ikamkataza kurudi. Alipunga mkono mpaka lori likapinda.

Habari zake aliniletea Kasoki, mama anayevusha maharagwe mpakani. Florent alimkuta Émérance uani, amerefuka hadi kumfika yeye begani. Akamsomea Kiingereza chote. Mtoto akasikiliza kwa adabu, akasema mwalimu wao angefurahi. Ndipo baba akaanza kuisimulia kama inavyosimuliwa nyumbani, binti akamziba mdomo kwa kiganja.

“Papa, jua ingali juu. Ungoje kwanza. Usipotee tena.”

Florent akaziweka karatasi chini, wakakaa kungoja jua lizame.