Mwonjaji wa Meza ya Nne

Tharsisi Nkunzimana hakuwa na tai, hakuwa na meno manne ya mbele, hakuwa ameweka nafasi mapema, wala hakuwa na maiti ya kulaza katika kaburi alilokwisha kulichimba nyuma ya migomba yake huko Makere. Alikuwa na shati safi. Alhamisi, saa kumi na mbili kamili jioni, aliingia Yungiyungi, mgahawa wa Kithai ulio katikati ya mji wa Kasulu, ambako maofisa na watu wa mashirika hula wali wa kunata kutoka katika vikapu vidogo vya mianzi.

"Mzee, umeweka nafasi?" aliuliza Benita, mhudumu.

"Nimekuja kwa mwanangu."

"Ah, wa meza ya nne. Pita, baba. Angalia usikanyage udongo."

Fidele alikuwa ameketi pale, udongo mwekundu mabegani, kama alivyoketi kila jioni tangu mgahawa ulipofunguliwa. Alikuwa kibarua wa kuchimba msingi wa jengo hili. Mwezi Machi ukingo wa shimo ulimwangukia, na kwa kuwa zege lilikuwa limekwisha kukorogwa, lilimwagwa juu yake. Wateja walimzoea. Wengine walimsalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijala tangu Machi."

Mbele yake palikuwa na bakuli la tambi katika mchuzi wa nazi, mapishi ya Kithai ya kaskazini. Limejaa, limepoa. Kwao Makere mgeni hagusi alichoandaliwa mpaka mwenyeji akionje mbele yake, ionekane hakina sumu. Fidele alilelewa hivyo, na kufa hakukumwondolea malezi.

Tharsisi aliomba aitiwe mwenye mgahawa. Mansuri alikuja akifuta mikono.

"Mwenye nyumba ndiye huonja," Tharsisi alimwambia.

"Mzee wangu, nikionja nimekubali kuwa ni mgeni wangu. Kesho mtaniuliza nilimpokea lini na nilimweka wapi."

"Basi nipe nimpeleke nyumbani."

"Vigae hivi vimetoka ng'ambo. Nikivunja, sipati vya kufanana navyo."

"Ni viwili tu," alisema Fidele. "Kichwa kimeelekea jikoni."

Mansuri aliviangalia vile viwili. Vilikuwa vizuri kweli.

"Huanza viwili," akasema.

Watu wa meza ya tano waliomba pilipili zaidi.

Tharsisi akashika kijiko, akaonja. Mchuzi ulikuwa mkali, mtamu na mchachu kwa pamoja. Akalisogeza bakuli. Fidele akala yote, akalilamba bakuli kama alivyofanya utotoni, akaomba jingine.

Mansuri alifurahi, maana bakuli lililorudi jikoni limejaa kila jioni lilimtia aibu mpishi.

"Baki hapa uwe unamwonjea, mzee. Chumba kipo, chakula kipo. Na tai nitakupa mimi."

Nyumbani kulikuwa na kaburi tupu. Hapa kulikuwa na mtoto mwenye njaa. Tharsisi akabaki. Benita alimfundisha kufunga fundo la tai.

Mwezi ulipokwisha, wateja nao walianza kumwita mezani kwao awaonjee. Aliwaonjea wote. Mansuri alipita kati ya meza akiwauliza kama wameshiba, na kwenye vile vigae viwili aliongeza hatua.

Jumapili Tharsisi aliandika barua. Aliijua kalamu akiwa na miaka arobaini, katika darasa la jioni la watu wazima, na tangu hapo hakumruhusu mtu amwandikie.

"Mama Fidele, mtoto sasa anakula. Shimo usilifukie. Liwekee bati, mvua zinakaribia na kingo zitabomoka. Mwenye nyumba bado hajaonja. Namngoja."

Gundi haikuwepo. Alichukua punje tatu za wali wa kunata kutoka kikapu cha Fidele, akazisaga kwa dole gumba kwenye mdomo wa bahasha. Fidele akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, ikabaki na alama ya udongo. Asubuhi Tharsisi alimkabidhi kondakta wa basi la Kibondo, aiteremshe Makere.