Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Jumatano saa nne asubuhi, mwalimu wa duksi alinipigia simu akaniuliza nimewapeleka wapi watoto wake wawili. Alikuwa anatania. Orodha niliyomtengenezea ilikuwa na wanafunzi mia moja na kumi wanaosoma Kurani kwake. Sasa kompyuta ilisema mia moja na wanane, na hao wawili waliopungua walikuwa wameketi mbele yake na mbao zao za kuandikia.

Siku hizo nilikuwa na kazi tatu mikononi. Ya duksi ilikuwa ndogo. Ya pili ilikuwa ya malori ya maji, kamati ilitaka kujua lori lipi limefika kijiji gani. Ya tatu ilikuwa daftari la wagonjwa la zahanati moja ya mtu binafsi hapa Garissa mjini. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa fundi wa simu, nikajifunza kuandika programu kwa kutazama video, nikisimamisha kila sentensi mara tatu kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuulizia njia. Mtaani nikisema naandika kodi, wananiuliza kama serikali imeniajiri. Serikali haiwezi kuniajiri mimi. Ningeiuliza maswali.

Jumatatu nilikuwa nimejifunza jambo jipya: kuondoa marudio. Mwalimu wa video alisema, ukikuta majina yote yanalingana na tarehe ya kuzaliwa inalingana, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Iambie kompyuta ibakishe mstari wa karibuni, ule wa zamani iufute. Nilijaribu kwa malori, kwa namba za gari, ikakubali vizuri sana. Alasiri hiyohiyo nikanakili maneno yaleyale kwenye duksi, kisha kwenye zahanati, maana Khalif, tabibu mwenye zahanati, alikuwa analalamika kila siku kwamba wagonjwa wake wamerudiwarudiwa. Mistari mia mbili thelathini na minane ikatoweka. Khalif akanisifu. Sikukagua hata mstari mmoja. Kazi tatu, kichwa kimoja.

Nikafungua orodha ya duksi kuwatafuta wale watoto. Mmoja alikuwa na mwenzake wa jina lake, wa pili vilevile: majina matatu sawasawa, na wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka mmoja.

Nikatoa kitambulisho changu mfukoni. Tarehe mosi Januari.

Niliikumbuka foleni ile ya vitambulisho. Karani anauliza umezaliwa lini, mtu anajibu mwaka ngamia walipokufa kwa ukame, karani hana nafasi ya kuandika ngamia, anaandika mosi Januari, anaita mwingine. Mimi, kaka zangu, marehemu mke wangu Rukiyo, sote tumezaliwa siku moja kama vifaranga. Huko kwa mwalimu wa video, tarehe inamtenga mtu na mwenzake. Huku kwetu wakubwa walitupa tarehe moja tugawane, wakaenda kunywa chai.

Duksi si kitu. Mtoto akikosekana kwenye orodha anaandikwa tena. Kisha nikafikiria zahanati.

Nilikuwa na nakala ya zamani kwenye flashi. Nikaichomeka, ikakataa kuingia, nikaigeuza. Kisha, kupitia mtandao, nikafungua wagonjwa wa asubuhi hiyo. Wa tatu kwenye foleni alikuwa Abshiro Abdi Olow, anaumwa koo, ameandikiwa sindano ya penisilini. Daftari jipya lilikuwa na Abshiro Abdi Olow mmoja tu, hana shida na dawa yoyote. La zamani lilikuwa nao wawili. Wa pili alikuwa wa kambi ya Dadaab, na mbele ya jina lake: asidungwe penisilini, aliwahi kuvimba akakosa pumzi.

Huyo ndiye niliyemfuta. Sikujua ni yupi aliyekuja leo.

Nilimpigia Ikran, muuguzi wa pale. Simu ikaita mpaka ikakatika. Ya Khalif ilikuwa imezimwa. Nikachomoa flashi, nikaacha mlango wa kibanda changu wazi nikakimbia.

Rukiyo alikufa kwa dawa ya mtu mwingine. Katika hospitali kubwa, si hapa, faili lake lilichanganywa na la mwanamke wa jina lake, na nilipouliza ni nani amefanya hivyo nikaambiwa ni mfumo. Miezi saba nilizunguka ofisi nikimtafuta huyo mfumo. Niliwalaani wote, kwa majina na kwa vyeo. Sasa nilikuwa nakimbia juani na laana zangu zote zinanifuata mgongoni.

Ikran nilimkuta amesimama mbele ya pazia na sinia. Dawa ndani ya bomba ilikuwa nyeupe.

"Iweke chini," nilisema.

"Adeer, mzee wangu, kaa kwanza, utaanguka."

"Iweke chini, Ikran."

Akaiweka. Nyuma ya pazia alikuwepo mwanamke mwembamba, ameshajilaza ubavu, mumewe Deeq kasimama kichwani pake. Nilimuuliza mwanamke kama amewahi kudungwa sindano nyeupe kama maziwa.

"Mara moja, kambini," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilikufa kidogo."

"Mbona hukusema leo?"

"Nilisema mwaka jana, hapahapa. Wakaniambia imeandikwa kwenye kompyuta, nisihangaike tena."

Khalif alitoka ofisini akanivuta kando. Alinong'ona kwamba hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, basi tumwambie mume kuwa ni mtandao ulisumbua, nami nirudi nyumbani nirekebishe polepole. Ilikuwa njia rahisi. Deeq ana mabega ya mtu anayepakia ngamia kwenye lori. Lakini nilimwambia. Nilimwambia kwamba jina la mkewe lilikuwemo na onyo lake lilikuwemo, na mimi ndiye niliyelifuta.

Deeq alinisogelea hatua moja.

"Kwa nini?"

"Nilidhani yeye na mwingine ni mtu mmoja. Majina sawa, tarehe sawa."

"Ukashindwa kuuliza mama yake ni nani?"

Hakupandisha sauti. Hata mchunga mbuzi asiyejua herufi, akikutana na Abdi wawili, anauliza mama zao. Nami nilitengeneza daftari zima bila hata nafasi ya kuliandika jina la mama.

Khalif alitaka kumwita mgonjwa anayefuata. Nilichomoa waya wa kompyuta ukutani. Nikamwambia hadungwi mtu humu kwa daftari langu. Alisema nimepagawa, na sijui kama alikosea.  Ikran alileta kitabu cha karatasi cha sindano, kile anachoandika kwa kalamu. Tulilinganisha na flashi kwenye simu yangu, yeye akisoma, mimi nikitafuta. Leo alikuwa hajadungwa mtu. Jana, Jumanne, watu tisa walidungwa. Watatu kati yao walikuwa na mistari niliyoifuta.

Deeq alimwinua mkewe, lakini hawakuondoka. Waliketi kwenye benchi wakinitazama.

Nilipiga namba ya kwanza ya hao watatu. Ikaita. Ikaita tena. Niliomba apokee mwenyewe, asipokee mtu wa kwao.