Mtandio Mweusi wa Domitila

Hapa Tenancingo mwanamke akifiwa hujitanda mtandio mweusi unaonukia, angalau apate kitu kingine cha kuvuta puani zaidi ya msiba. Mama yangu, Domitila, aliwatengenezea wajane wa mji mzima. Sasa zamu ilikuwa yake. Macho yalishakufa, miguu ilishakufa, na aliniomba kitu kimoja tu: "Eufro, nitengenezee mtandio wangu, unifunike ningali na pumzi. Nataka niunuse kabla sijaenda."

Nikamwahidi. Sikumwambia kuwa tangu ile homa ya mwaka juzi sisikii harufu yoyote, si ya kahawa, si ya moshi, si ya maiti. Ningemwambiaje? Mtia rangi asiye na pua ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Nikaona aibu, nikanyamaza, tena nikajigamba kwamba nitamtengenezea mtandio ambao hata yeye hajapata kuutengeneza.

Weusi wetu hutokana na vyuma vyenye kutu vilivyolowekwa wiki nyingi kwenye siki, na uvundo wake usiombe. Rangi ikishakolea, mtandio husuuzwa mpaka uvundo uishe, ndipo uchemshwe na rozmeri, karafuu na maua ya waridi. Utajuaje kama umeisha? Pua ndiyo husema. Mimi nikatazama maji. Yalipotoka meupe nikasema basi. Mjinga mimi! Nikaongeza karafuu mara mbili, nikaona nimemaliza kazi.

Jirani yangu Tomasa, fundi wa kufunga vishada vya mitandio, nikampa aunuse.

"Vipi?"

"Mh! Unanukia, shoga. Mama mwenyewe atainuka kitandani aulize bei."

Akacheka huku akitazama dirishani. Ningekuwa na akili ningemwangalia uso, nisisikilize maneno.

Jumanne asubuhi pumzi za Mama zikaanza kukatika. Nikamfunika mpaka kidevuni. Mkono wake ukaupapasa mtandio, ukauvuta hadi puani. Kisha akausukuma. Nikadhani ni maumivu, nikaupandisha tena. Akausukuma tena, akageukia ukutani akikohoa.

"Ni mtandio wako, Mama. Nimeutengeneza mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi, Mama."

"Nilikukosea nini, Eufro?"

Nikageuka. Tomasa alikuwa mlangoni, ameziba pua kwa aproni yake. Aliponiona akaishusha upesi, akaanza kulia.

"Nilikuonea huruma, shoga. Mtaa mzima tulikuonea huruma."

Nikauvuta ule uchafu nikautupa huko, nikapiga magoti, nikamweleza Mama yote: homa, pua, aibu yangu, kwamba sikufanya kusudi, kwamba nampenda. Nilisema nikarudia, huku nikimtikisa bega, mpaka Tomasa akaja akanishika mikono.

"Basi, shoga. Ameshakwenda tangu ulipopiga magoti."