Shairi la Kumlilia Kisimba

Mama Tshibola, jirani yangu wa nyumba ya tatu, anasema alimwona mume wangu kule Sandoa, mzima, akishusha magunia ya muhogo kutoka kwenye kamiyo, lori la mizigo. Anasema ilikuwa siku ya soko, asubuhi, jua limeshakuwa kali, naye alikuwa anatafuta kivuli cha kupumzisha miguu. Mtu huyo akapita karibu naye kabisa, gunia mabegani. Amekonda, ana mvi pembeni mwa masikio, lakini mwendo ni ule ule. Mama Tshibola akaita, "Tata Kisimba!" Mtu akageuka, akamtazama, akaendelea na kazi.

"Aligeuka, Bilonda. Mutu anageukaka bure?"

Hayo alinieleza nikiwa naosha sufuria nyuma ya nyumba, hapa Kapata, kwenye nyumba za kampani ya shaba. Sikuacha kuosha.

Kisimba alipotea mwezi wa tano wa mwaka 1978, wakati wa vita. Alitoka asubuhi kwenda kuona kama kazi imefunguliwa, na hakurudi. Tulimtafuta hospitalini, tukamtafuta kwa watu waliokimbilia porini. Wazee wa ukoo wake walingoja miezi sita, kisha wakasema matanga yakaliwe hata bila maiti. Nikanyolewa, nikavaa nyeusi. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Kisha nikaandika lile shairi.

Shule niliishia darasa la sita, lakini kuandika sikuacha. Kabla ya vita gazeti la parokia lilikuwa limetoa mashairi yangu mawili. Moja lilikuwa la wanawake wanaopanga ndoo kwenye robine ya maji, lingine la sirene ya kampani inayoamsha hata wasio na kazi. Katekista Mukalay ndiye aliyekuwa analichapa gazeti, kwa mashine ya kuzungusha na mkono, wino unamchafua mpaka kwenye viwiko. Yale mawili nikiyasoma leo sioni haya sana. Yana maneno makubwa ya msichana anayetaka kusifiwa, lakini ndoo zilikuwepo, na sirene ilikuwepo. Niliandika nilichokiona.

La tatu nalo nilianza hivyo hivyo. Nikampelekea Mukalay. Akasoma, akakuna kichwa.

"Ni muzuri, mama. Lakini huyu bwana yako anafanya nini humu? Anavua viatu, anakula, ananyamaza. Batu batalia juu ya nini?"

Nilirudi nyumbani, karatasi ile nikawashia mbabula, jiko letu la makaa, nikaandika upya:

*Ulirudi ukiimba, vumbi la shaba mwilini,*
*Wimbo ukatangulia, nikangoja mlangoni;*
*Leo nasikia nyayo za wengine mitaani,*
*Wimbo wako, Kisimba we, umebaki kinywa gani?*

Kisimba hakuimba. Hata kanisani alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo na kukitazama tu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Kutoka kazini alikuwa anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kiti cha mbao, na chumba kizima kinanyamaza pamoja naye. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, bila kusema, na kimya kile hakikuwa na ubaya. Huyo ndiye niliyemlilia. Aliyetoka gazetini ni mwingine, na chini yake pameandikwa jina langu: Citoyenne Bilonda, Kapata.

Watu walilia kweli. Mjane mmoja, Sikudhani wa mtaa wa Dilala, ambaye mumewe alikuwa msafirishaji na alikufa njiani, alikuja kuniomba nimnakilie, nitoe jina la Kisimba na kuweka la Feruzi. Baada yake wakaja wengine. Nimelibadilisha jina lile mara kumi na moja. Wanawake wakaliwekea sauti, wakawa wanaliimba kwenye matanga, wengine hawajui hata limetoka wapi. Mwaka juzi tata mmoja alitaka kunioa, akaacha. Alimwambia dada yangu kwamba kushindana na mwanamume mzima anaweza, lakini na maiti anayeimba, hapana.

Sasa nikamuuliza Mama Tshibola, "Ulijuaje kama ni yeye?"

"Kwanza ni ule wimbo. Alikuwa naimba, na gunia ku mabega, vile vile uliandika. Mi nikasema, huyu njo bwana ya Bilonda."

Hapo ndipo nilipoweka sufuria chini. Kama angeniambia mtu yule alikuwa kimya, ningeanza kutafuta viatu vyangu.

"Na kisha?"

"Kisha bakabapatia chai. Akamaliza, akageuza kikombe, mudomo chini. Akakigonga na vidole mbili."

Hilo halimo katika shairi. Sikumwambia mtu yeyote. Kisimba alikuwa anafanya hivyo kila siku, na siku ya kwanza nilimcheka, naye akatabasamu bila kunieleza. Lakini kabla ya vita Mama Tshibola alikuwa anakuja kwetu kuomba moto, na huenda alikiona kikombe kile mezani. Sijui. Nilimtazama usoni muda mrefu. Hakuwa anadanganya.

"Mama," nikasema, "nielezee tena, lakini bila wimbo."

"Bila wimbo namna gani? Niseme bongo, nikudanganye?"

"Kisimba hakuimbaka."

Akacheka, kwa huruma, akanishika bega. "Mutoto yangu, miaka sita ni mingi. Umeanza kumusahau. Sisi bote hapa tulimusikiaka."

Akaenda zake kupika. Nilibaki pale na maji machafu. Nikafikiri niwaendee watu wa mstari wetu, nyumba kwa nyumba, niwaulize mlimsikia lini. Lakini najua wangeniambia. Mmoja angesema alimsikia akipita na baiskeli, mwingine angetaja hata siku. Na wale wajane kumi na mmoja, niwaambie nini?

Nililitoa lile gazeti chini ya nguo. Nikalisoma polepole, kidole juu ya mstari, nikitafuta hata mahali padogo ambapo Kisimba angeweza kuwa amebaki. Vumbi la shaba, labda. Lakini vumbi ni la kila mtu hapa.

Jumatatu nikampa Amadi barua, nikamweleza mtu wa kumpa. Amadi ni shofa wa kamiyo, mtu wa Kasongo, anapeleka chumvi na sabuni Sandoa na kurudi na muhogo. Barua ilikuwa fupi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika:

"Kwa wewe unayeshusha magunia karibu na soko. Kama si Kisimba, nisamehe, umrudishie Amadi karatasi hii. Kama ni wewe, sikuombi urudi. Niandikie tu hapa nyuma, kwa mkono wako, ulikuwa unafanya nini jioni ukitoka kazini, nyumbani kwetu Kapata. Niliandika vibaya na nataka kuandika tena."

Amadi alirudi baada ya siku tisa. Nilimkuta anafungua kamba za turubai.

"Alipokea, mama," akasema. "Nilimupa ku mukono."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alisoma, akaikunja, akaiweka mu mufuko."

"Hakukurudishia?"

"Hapana. Nilingoja mpaka magunia yakaisha."

Tangu hapo Amadi amekwenda Sandoa mara tatu, na kila mara amerudi na muhogo tu.