Barabara ya Mama Nyibol

Ninaapa kwa pensheni yangu na kwa meno saba niliyobakiwa nayo: humu hakuna cha kubuni. Nikiongeza au nikipunguza hata shimo moja la barabara, mbuzi wangu mweupe, yule anayezaa mapacha kila mwaka, ni wa yeyote atakayenishika. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wanywaji chai pale kwa Faiso, Lodwar, nao wakavuta viti.

Jumatatu moja ya Februari 2013, saa nne asubuhi, Adau alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vibali, kambini Kakuma, anatarizi huku anasubiri. Binti yake Nyibol ameitwa kidato cha kwanza, shule ya wasichana ya huku Lodwar. Barua ilisema afike kabla ya Jumatano saa kumi na moja jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Karani Lomunokol akasoma barua, akatazama kalenda ukutani.

"Mama, rudi Ijumaa."

"Shule nafunga mlango Jumatano."

"Ni kweli. Sasa wewe rudi Ijumaa."

Adau akakunja kitambaa chake, akaenda zake.

Lazima mjue mikono ya huyu mama. Wanawake wa kwao Sudan Kusini hutarizi shuka za kitanda, wanaziita milaya, ndege na maua ya kila rangi. Nyibol alipoanza darasa la kwanza, watoto mia na ishirini kitabu kimoja, mama alimtarizia jedwali la kuzidisha kwenye foronya. Mtoto akalalia saba mara nane, asubuhi akaamka anaijua. Jiografia ilipofika, mama akatarizi Ziwa Turkana kwenye gunia la unga wa mgao. Gunia likawa linavuja, na kila Ijumaa walitoa humo samaki wawili. Majirani walilalamika tu kwamba samaki wenyewe ni wadogo.

Basi Jumatatu hiyo hiyo akanikuta nje ya duka la Abdijabar kule Kakuma, pale anaponunua nyuzi. Mimi nimeendesha greda la serikali kati ya Lodwar na Kakuma miaka ishirini na tisa.

"Ejok, Mzee Emuria. Wewe najua hii barabara ya Lodwar?"

"Ejok, Mama Nyibol. Naijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

"Bibi yako nasikia hiyo maneno?"

"Hayuko."

"Haya, sema barabara. Pole pole. Usiruke kitu."

Nikamwambia yote, shimo kwa shimo, laga kwa laga, ile mito ya mchanga mkavu, hadi mgunga ambao nyuki wake walinikimbiza nikaacha greda likienda peke yake. Kitu kimoja tu nilikiacha, kwa hekima yangu. Tutakifikia.

Alitarizi Jumatatu hiyo na Jumanne kutwa. Laga alizishona kwa uzi wa njano, mawe kwa kijivu. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo Nyibol alikaa pembeni anamtungia uzi, sindano baada ya sindano.

Jumatano saa nne, kilomita mia na ishirini zilikuwa zimeenea kwenye shuka moja. Adau akaitandika uani, akashika ncha ya Lodwar, akaikunja juu ya ncha ya Kakuma.

Lodwar ikaja. Kibanda cha Faiso kikasimama kwenye ua wake wa miiba, na Faiso akauliza kama wanaweka sukari. Dereva wa lori aliyetoka Lokichar kwenda Lodwar alijikuta Kakuma kabla ya kubadilisha gia, akaagiza maharage. Mbuzi wa miji miwili walisalimiana kwa pembe.

Nyibol akatunga sindano arobaini, akazichomeka kwenye mto wa kulalia ili zimtoshe mama siku nyingi. Kisha akainua sanduku lake.

"Mama, asante."

"Asante ya nini? Viatu nimenunua kubwa, utaona."

"Ya saba mara nane."

Adau alijifanya anatafuta mkasi. Msichana akapiga hatua kumi na nne. Saa nne na dakika ishirini alikuwa ameandikishwa, wa kwanza kwenye mstari.

Ijumaa karani Lomunokol alifika uani. Akapita juu ya mkunjo mara mbili, kwenda na kurudi, akakagua mashimo.

"Kazi safi. Ila barabara yako haina kizuizi cha polisi."

"Mzee hakuambia mimi."

"Kiweke."

Akasimama hapo hadi kiliposhonwa. Adau alitii: nguzo, mti wa kukinga njia, polisi. Lakini huyo polisi alimshona na kikombe cha chai mkononi, na tangu siku hiyo anayepangwa zamu hapo hawezi kukiweka chini. Anakagua vibali kwa mkono wa kushoto, na Faiso anamjazia.

Sasa kila Jumamosi Nyibol huketi upande wa Lodwar, pale kwa Faiso, mama yake upande wa Kakuma, na sindano zinapita juu ya kizuizi, moja moja, zikiwa zimetungwa.

"Sasa mnajua," nikawaambia wanywaji chai. "Kizuizi nilikificha mimi, makusudi kabisa, kwa ajili ya mtoto."

Ng'ambo ya kizuizi mtu akacheka hadi akaangusha uzi.

"Mzee Emuria! Uongo yako nafika mpaka kwa Faiso?"

"Uongo gani, Mama Nyibol?"

"Na greda yako, wewe napita pale miaka ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Polisi nasimamisha wewe mara ngapi?"

Nikafikiri. Faiso akaacha kumimina. Hata polisi alisimamisha kikombe mdomoni.

"Hata mara moja."

"Basi wewe haikuficha. Wewe haikuona."

Nyibol, sindano mkononi, akaniangalia kama mwalimu anayesubiri jibu la pili. Nikainuka kwenda kumleta mbuzi.

Mshindi asingeweza kuvuka kuja kumchukua. Kibali chake mwenyewe, alichoomba ili aione shule ya binti yake, bado ni cha "rudi Ijumaa". Kwa hiyo nilimswaga mbuzi hadi kwenye kizuizi. Polisi akauinua mti kwa mkono wake wa kushoto.

Mbuzi akavuka. Hakuulizwa karatasi.